SIKUNENEPA, NILIKUWA NAUMWA

SEHEMU YA 1

Ya leo ni ndefu, nimeigawa vipande. Weka chai jikoni, mtoto akilala tuendelee.

Hizo picha mbili hapo juu ni mimi mwenyewe. Nilijipiga kwa simu yangu, mwaka 2019, mimba yangu ya kwanza. Ya kushoto nina miezi minne. Ya kulia nina wiki 33, ni saa kumi na moja alfajiri, najiandaa kwenda zamu. Niliipiga nimtumie mdogo wangu tucheke. Niliandika chini yake: "Ona mwenzio nilivyonona."

Angalia vizuri hiyo ya kulia. Angalia macho yalivyozama na midomo ilivyojaa. Hapo nina siku mbili kichwa kinaniuma, nameza panadoli naendelea na kazi. Pete ya ndoa nilishaivua kwa sabuni wiki iliyopita. Na kila niliyekutana naye njiani aliniambia neno hilohilo: "Umependeza! Mimba imekupenda!"

Saa nne asubuhi, nikiwa wadini nachoma sindano za watu, nikaanza kuona vimulimuli. Mwenzangu wa zamu akanikalisha kwa nguvu, akanifunga mkanda wa presha. 170 kwa 110. Protini kwenye mkojo imejaa. Mimi, mwenye diploma ya uuguzi ukutani kwa mama yangu, niliyefundishwa kifafa cha mimba nikafanyia mtihani nikafaulu, nilikuwa nakitembeza mwilini na kukipiga picha.

Mtoto alitolewa kwa upasuaji. Kilo 1.8. Nilimbeba kifuani kwa mtindo wa kangaruu mpaka akakaza. Leo yuko shule, mbishi kuliko baba yake. Tulipona.

Wengine hawaponi. Ndiyo maana naandika.

SEHEMU YA 2

Mwaka jana tulipokea mama mmoja. Nabadilisha mambo madogo asitambulike. Mimba ya kwanza, wiki 36. Aliletwa kwa bajaji, ameshadegedeka mara mbili nyumbani. Wapo waliosema ni mashetani, wakapoteza saa tatu kwenye kumfukizia. Alipofika tukamchoma magnesiamu salfeti, tukashusha presha, akapelekwa upasuaji. Yeye akaamka. Mtoto alikuwa ameshafariki.

Siku ya tatu akaniuliza, "Sista, nilikosea wapi?"

Nikachukua kadi yake ya kliniki. Alihudhuria mara nne. Mara mbili za mwisho sehemu ya presha ni nyeupe, haikuandikwa kitu. Mashine ilikuwa haina betri, ndivyo alivyoambiwa. Uso ulipovimba, mama mkwe akafurahi, akasema huyo ni wa kiume. Mume akampiga picha.

Sikuwa na la kumwambia. Nikafungua simu nikamwonyesha hii picha yangu ya alfajiri. Akaiangalia muda mrefu. Akasema, "Mbona kama mimi?"

Jamani. Alikaa kliniki ile mara nne, kila mara saa mbili tatu kwenye benchi, na juu ya kichwa chake kulikuwa na bango la afya ya uzazi. Uso wa kwanza kumfundisha ugonjwa wake aliuona kwenye simu ya nesi, baada ya mazishi ya mtoto.

SEHEMU YA 3

Sasa nataka tugombane kidogo kuhusu mabango.

Mnalijua bango ninalolisema. Liko kila kituo. Mama mwembamba, ngozi laini, gauni la bluu, tumbo la duara kama la kuchora, anatabasamu. Mume kamshika bega, naye anatabasamu. Chini maandishi: hudhuria kliniki mapema kwa afya bora ya mama na mtoto. Pembeni, kwa herufi za mchwa, dalili za hatari tisa au kumi zimepangwa kama orodha ya harusi.

Siku moja niliwageukia akina mama waliokaa kwenye benchi nikawaambia, msigeuke nyuma, hebu niambieni bango limeandika nini. Walikuwa kumi na wawili. Hakuna hata mmoja aliyejua. Mmoja akasema, "Kuna mdada ana gauni zuri."

Msiwacheke. Bango ndilo lililoshindwa. Linamwonyesha mama mzima mwenye raha halafu linamtaka ajue dalili za ugonjwa. Ni sawa na kumfundisha mtu nyoka kwa kumwonyesha picha ya kuku. Herufi hazisomeki kutoka kwenye benchi. Na dalili zote zina ukubwa mmoja, kana kwamba kichefuchefu na kuona vimulimuli ni ndugu.

Kuna watu wanasema Watanzania hatusomi, hatuambiliki. Uongo. Mwaka 1973 nchi hii ilifanya kampeni ya Mtu ni Afya. Watu walikaa vikundi vijijini, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu, wakajadiliana, wakatoka hapo wakachimba vyoo. Waulizeni bibi zenu. Watu wanaambilika wakiambiwa jambo linalowahusu, kwa namna wanayoielewa, na mtu wa kulizungumza nao. Karatasi iliyobandikwa ukutani ikaachwa ipate vumbi haijamwambia mtu kitu. Imetimiza ripoti tu.

SEHEMU YA 4

Basi nikaamua kutengeneza la kwangu.

Swali la kwanza: nitumie picha ya nani? Wadi ina wagonjwa, ningeweza kuchukua simu nikapiga. Wengine wanafanya hivyo, tunaziona picha za wagonjwa zikizunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, mama wa watu amelala hajitambui, eti "tujifunze". Nasema wazi hapa, na wenzangu wa kada ya afya mnisikie: mama aliyelala kwenye dripu hawezi kukukatalia. Hata akitikisa kichwa, anatikisa kwa sababu dawa yake iko mkononi mwako. Hiyo haiitwi ruhusa.

Uso ambao nilikuwa na haki nao ulikuwa mmoja tu. Wangu.

Na jambo hili si jipya. Mwaka 1917 bango la mchoraji wa Marekani, James Montgomery Flagg, lilitumika kuita vijana jeshini. Ule mzee mwenye kofia ndefu anayekunyooshea kidole, mmeshamwona. Sura ile Flagg aliitoa kwenye uso wake mwenyewe, akajizeesha, akajiongezea ndevu. Kama mtu alitoa uso wake kuita watu vitani, mimi nitaona aibu gani kutoa wangu kuita watu kupima presha?

Swali la pili: picha ipi? Hapa nilishtuka. Nilienda kwa mdogo wangu kutafuta nyingine nilizopiga kwa simu yake kipindi kilekile. Nikazikuta. Uso mwembamba! Mashavu yamekatwa vizuri, ngozi kama ya mtoto. Simu yake ina filta ya urembo, inajiwasha yenyewe. Ilikuwa imeufuta ugonjwa wangu kama kifutio kinavyofuta ubao.

Fikiria hilo. Watu wanakwambia umependeza, na simu nayo inakubaliana nao. Mama wa siku hizi ana picha mia tano za ujauzito na hakuna hata moja yenye uso wake wa kweli.

SEHEMU YA 5

Toleo la kwanza nililitengeneza usiku mmoja, kwa simu, nikaprinti steshenari kwa rangi. Lilikuwa baya. Nawaambia makosa yangu ili msidhani najisifu.

Kosa la kwanza: mwanga. Picha ya alfajiri ina giza, na sisi wenye ngozi nyeusi printa ya bei rahisi inatugeuza kuwa tope. Uso wote ulikuwa doa moja, uvimbe hauonekani. Ilibidi nimpe kijana wa steshenari aongeze mwanga bila kugusa umbo la uso, tukaprinti mara nne.

Kosa la pili ndilo liliniuma. Niliweka picha mbili sambamba, kabla na baada, kama mlivyoona hapo juu. Nikampelekea bibi mmoja aliyemsindikiza mjukuu wake kliniki, nikamuuliza hapa wanasema nini. Akasema bila kusita, "Ni dawa ya kuongeza mwili. Shilingi ngapi?"

Nilicheka, kisha nikakosa raha. Bibi alikuwa sahihi. Barabarani tumezoea picha mbili za uso kuwa tangazo la mkorogo au la shepu. Na kwetu mtu kunenepa ni neema. Bango langu lilikuwa linauza kifafa cha mimba!

Nikaanza upya. Nikaacha uso mmoja tu, wa wiki 33, mkubwa, umejaza nusu ya karatasi. Juu yake maneno matatu, herufi nene nyeusi: SIKUNENEPA, NILIKUWA NAUMWA. Pembeni picha mbili ndogo: mkono wangu na pete isiyopita, na mguu wenye shimo la kidole gumba. Chini mistari mitatu: kichwa kinauma na hakitulii, macho yanaona ukungu au vimulimuli, tumbo la juu linauma chini ya mbavu. Mstari wa mwisho: NENDA UKAPIMWE PRESHA NA MKOJO LEO.

Halafu nikalipima kwenye benchi. Nikakaa mwenyewe pale mwisho kabisa, karibu na mlango wa choo. Nikiwa siwezi kusoma, naongeza herufi, napunguza maneno. Nilipowauliza tena akina mama, msichana mmoja alinijibu, "Wewe sista uliumwa ukidhani umenona." Nikasema basi, limefika.

SEHEMU YA 6

Nikalipeleka kikaoni. Yaliyosemwa pale ndiyo yaliyonifanya nije kuandika huku.

Wa kwanza akasema linatisha, mama mjamzito anatakiwa kuona vitu vya furaha. Namjibu: kinachotisha ni kudegedeka. Mama aliyekaa benchi ni mtu mzima, anabeba maji, anazika, anazaa. Anaweza kuuangalia uso uliovimba.

Wa pili akasema muuguzi akijianika hivi anaishushia taaluma heshima, watu watasema kumbe hata manesi wanaumwa. Ndiyo! Waseme! Hilo ndilo bango lenyewe. Kama aliyesomea ugonjwa huu alipishana nao kwenye kioo, mkulima atautambuaje bila kuonyeshwa? Heshima inayolindwa kwa kujifanya hatuumwi inalipiwa na mama zenu.

Wa tatu akasema mabango yanatoka juu, sisi si kazi yetu. Hapa namkubalia nusu. Ujumbe wa afya lazima upitiwe na wataalamu, vinginevyo kila mtu atabandika la kwake na kesho mtaambiwa mnywe majivu. Ndiyo maana kila neno nililipitisha kwa madaktari kwanza. Lakini kupitiwa ni jambo moja, na kusubiri miaka ni jambo jingine.

Wa nne alikuwa daktari, na huyu alinishinda. Alisema: "Sista, mama asiyevimba akiona bango lako atajua yuko salama." Ni kweli kabisa. Kuna mama presha iko 180 na uso wake ni mkavu kama wangu wa leo. Na kuna wanaovimba miguu jioni kwa uzito wa mimba tu, hawana ugonjwa. Picha ya uso haiwezi kuonyesha presha. Nikarudi steshenari, nikaongeza mstari mmoja chini ya picha: WENGINE HAWAVIMBI. MASHINE NDIYO INAYOJUA.

Mwisho wakaniruhusu kulibandika mahali pamoja, mlango wa chumba cha kupimia presha, kwa majaribio mpaka mwisho wa mwezi. Mwezi umeisha, na hakuna aliyekuja kulibandua. La gauni la bluu bado liko juu ya benchi.

SEHEMU YA 7

Sasa wewe unayesoma. Bango langu ni moja, liko mlango mmoja. Wewe una simu. Haya yabebe.

Kifafa cha mimba huanza baada ya wiki ya 20. Presha ikifika 140 kwa 90 au zaidi, hiyo si ya kuambiwa "pumzika tu utakuwa sawa". Inahitaji mkojo kupimwa na mtaalamu kukuangalia. Ikifika 160 kwa 110 ni dharura, hata kama unajisikia vizuri na unaweza kutembea.

Hatari iko zaidi kwa mimba ya kwanza, mapacha, mwenye presha au kisukari au ugonjwa wa figo tangu zamani, mwenye uzito mkubwa, na aliyewahi kuumwa hivi mimba iliyopita. Kama uko kwenye kundi hilo, nenda kliniki mapema, waambie. Kuna dozi ndogo ya aspirini ambayo mtaalamu anaweza kukuanzishia kabla ya wiki ya 20, na vidonge vya kalsiamu kwa ambao chakula chao hakina ya kutosha. Usijinunulie dukani. Nimesema uulize.

Usidhani ukishajifungua umevuka. Kinaweza kukupata baada ya kujifungua, hata wiki kadhaa mbele. Mzazi aliyeko nyumbani na kichwa kinachopasuka asiambiwe ni uchovu wa kulea.

Na akidegedeka, msimfukize, msimpe kitu mdomoni, msimkandamize. Mlazeni ubavu, mwondoleeni vitu vya kumuumiza, tafuteni usafiri, na mmoja apige simu hospitali waandae. Dawa ipo. Magnesiamu salfeti si ya kubahatisha: utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2002, wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha inapunguza kudegedeka kwa zaidi ya nusu. Lakini inafanya kazi kwa aliyefika.

SEHEMU YA 8, YA MWISHO

Kwa mama mjamzito: usiinuke kwenye benchi kabla namba ya presha haijaandikwa kwenye kadi yako. Ukiambiwa mashine haina betri, usiondoke kwa unyonge. Uliza, "Nipimwe wapi leo?" Uliza kwa heshima, lakini uliza. Nesi akikununia, mwambie nesi mwenzake kakutuma. Sisi wauguzi nasi tunajua: ile sehemu nyeupe kwenye kadi ni deni letu, si la mama.

Zima filta. Mara moja kwa wiki, jipige picha asubuhi, dirishani, mahali palepale. Ziweke pamoja uzilinganishe. Haichukui nafasi ya kipimo, nimeshasema mashine ndiyo inayojua. Lakini itakufanya ujiangalie uso wako kama uso, si kama urembo.

Kwa mume: ukimpiga mkeo picha ukaona amejaa usoni ghafla, usiposti. Muulize kichwa kinauma? Macho yanaona vizuri? Halafu tafuta nauli.

Kwa mama mkwe na shangazi, wazazi wangu, nawaheshimu. Tunawahitaji zaidi ya wote maana ninyi ndio mnaosikilizwa nyumbani. Neno lenu "umependeza" ni zuri. Liongezeeni la pili: "Umepima?"

Kwa wanaotengeneza mabango: njooni mkae kwenye benchi. Saa tatu, bila kiti cha mgongo. Someni kazi yenu kutoka pale. Mkitaka uso, tafuteni mama aliyepona, mzima, amesimama kwa miguu yake, anayeweza kusema hapana na mkaondoka. Akikubali, mlipeni.

Yule mama aliyepoteza mtoto ana mimba tena. Kwa idhini yake naandika hili. Wiki iliyopita alisimama mlangoni pale, akatazama uso wangu ukutani, akanitazama mimi, akaingia ndani kunyoosha mkono. 118 kwa 74. Nikaiandika kwenye kadi, naye akaisoma kwa sauti.

Leo jioni, kama kuna mjamzito nyumbani kwako, mwangalie usoni. Kisha muulize namba yake ya mwisho ya presha ni ngapi. Asipoijua, kesho asubuhi msindikize.